Vifaa vya Bustani ya Nyumbani: Anza na Jembe, Keni na Tupa

Kwenye maduka ya pembejeo kuna zile seti ndogo za bustani: kijiko, uma na reki, vyote vya bati laini na mipini ya plastiki. Ziache hapo hapo dukani. Uma wake ukikutana na mzizi unapinda, na ukishaunyoosha mara moja haurudii nguvu yake. Kwa matuta matatu manne ya mchicha, sukuma wiki na nyanya nyuma ya nyumba, hela ianze kwenye vitu vitatu: jembe, keni ya kumwagilia na tupa ya kunolea.

Majembe mengi huuzwa kwa uzito wa pauni. La pauni 2.5 linamtosha mtu anayelima kidogo kidogo jioni. La pauni 3 lina faida kwenye udongo mzito wa mfinyanzi, lakini kwa udongo wa kichanga kama wa maeneo mengi ya pwani, linakuchosha bure. Kagua tundu la mpini: liwe limefuliwa pamoja na bapa, siyo kipande kilichochomelewa, maana kwenye ule mchomeleo ndipo linapoanza kupasuka. Mpini nao uwe na nyuzi zilizonyooka kutoka juu hadi chini, bila kifundo. Chagua ulionenepa upande wa kichwa, ili kila pigo lizidi kulikaza jembe badala ya kulichomoa.

Jembe likilegea, wengi hulitumbukiza kwenye ndoo ya maji usiku kucha. Kesho yake linakaza kweli, lakini mbao iliyovimba ndani ya chuma hupondeka nyuzi zake, kwa hiyo ikikauka inalegea kuliko mwanzo. Dawa yake ni kabari ya mti mgumu.

Tupa ndiyo watu wanaisahau, halafu wanalalamika kwamba palizi ni kazi ngumu. Jembe butu halikati magugu, linayainamisha tu, na siku mbili baadaye yamesimama tena. Bana jembe lisicheze, noa upande mmoja wa makali, na sukuma tupa kwenda mbele tu. Ukirudi, iinue. Meno yake hukata yakisukumwa. Ukiyakwaruza kurudi nyuma yanaisha haraka. Mikwaruzo michache kabla ya kuanza palizi inatosha.

Kwenye keni, kitu cha kuangalia ni kichwa chake cha matundu. Mbegu ya mchicha hufukiwa kwa kina kisichofika sentimita 1. Matundu yakiwa makubwa, matone yanaifukua na kuisukumia pembeni, na wiki ijayo utaona miche imejazana ukingoni mwa tuta huku katikati pakiwa peupe. Tena udongo wa juu hujifunga gamba, na mche mchanga hauwezi kulitoboa. Nunua kichwa kinachochomoka ili ukioshe, kwa sababu mchanga na majani huziba matundu. Kwa miche, kigeuze matundu yatazame juu: maji hupanda kidogo kisha huanguka kama manyunyu.

Kama keni ni bei kubwa, dumu la lita 5 linafanya kazi ile ile. Toboa mfuniko kwa sindano iliyopashwa moto, wala siyo msumari, kisha toboa tundu moja juu ya mshikio ili hewa iingie. Bila tundu hilo dumu linagugumia na maji yanatoka kwa mapigo. Wakati wa kiangazi, keni ya lita 10 inatosha takriban mita 2 za mraba kwa siku. Kwa wanaotumia mpira: ukikaa juani, maji ya kwanza yanayotoka ni ya moto. Yamwage kwenye ndoo kwanza.

Kamba na vigingi viwili havigharimu kitu. Piga fundo kila sentimita 50 na utapanda nyanya kwa mstari ulionyooka, ukiacha sentimita 60 hadi 75 kati ya mistari. Tuta lisizidi upana wa mita 1.2, vinginevyo utalazimika kulikanyaga ukipalilia.

Samadi: nusu debe hadi debe moja kwa mita mraba, iliyooza. Ingiza mkono katikati ya lundo. Kama bado kuna joto au harufu kali, iache. Samadi mbichi huunguza mizizi, na ya ng'ombe huja na mbegu za magugu. Majivu ni mazuri kwa kiasi kidogo, ila usiyachanganye na samadi mbichi, kwani yanaifanya naitrojeni ipotee hewani.

Bomba la kunyunyizia dawa la mgongoni la lita 16 ni kubwa mno kwa bustani ya nyumbani. La mkono la lita 2 linatosha. Kwa vidukari, kijiko kimoja cha chai cha sabuni ya maji kwa lita 1 ya maji, nyunyiza jioni, chini ya majani maana ndipo wanapokaa. Sabuni ya unga isitumike, huunguza majani. Na bomba lililowahi kuwekwa dawa ya kuua magugu lisiguse mboga hata likioshwa vipi: nyanya hujikunja majani kwa mabaki kidogo tu.

Toroli, sikatia (mkasi wa kupogolea) na glavu vinaweza kungoja. Wavu wa kuzuia kuku haungoji, kwa sababu kuku watatu humaliza kitalu kizima asubuhi moja.

Ukimaliza kazi, kwangua udongo kwenye jembe, lifute kwa kitambaa chenye mafuta kidogo ya kupikia, ulitundike ukutani. Mpini ukilazwa chini ardhini, mchwa huanza kuula kwa ndani, na kwa nje hutaona kitu mpaka uvunjike mkononi.