Kazi niliyoikuta ndani ya kaseti za shangazi

Shangazi yangu alikaa Ngamiani, Tanga, na jioni akishaepua mihogo alivuta sanduku la kaseti kutoka uvunguni. Black Star na Lucky Star, vikundi vya taarabu vya Tanga, sauti ya Bi Shakila. Siku nyingine dansi, Jamhuri Jazz au Atomic. Wenzangu walicheza. Mimi nilikuwa mtoto anayeitwa redio ikitafuna utepe. Nachomeka kalamu ya Bic kwenye tundu, nazungusha polepole, panapokunjamana nanyoosha kwa ukucha juu ya paja. Kisha naandika kwenye karatasi ya ndani, kwa sababu shangazi alizitambua kaseti zake kwa rangi ya jalada tu: bendi gani, nani kaimba, na solo kapiga nani kama yupo jirani anayejua.

Hakuna aliyeniambia kwamba ile ni kazi. Nilimaliza kidato cha nne nikiamini mpenda muziki ana njia mbili, aimbe au apige ala, na mimi sikuwa na kipaji cha kimojawapo. Leo kazi yangu ni kuhamisha kanda za zamani kwenda kwenye faili za kompyuta, na ndiyo inayosomesha watoto wangu.

Nawaandikia ninyi mnaonijia mkisema mnaupenda muziki wa kwetu ila hamjui mfanye nini nao. Kabla hujaulizia chuo, angalia mkono wako unafanya nini wimbo unapopigwa. Yupo ambaye hatulii mpaka arekebishe spika; huyo ana dalili za fundi mitambo. Yupo anayenakili mashairi na kuyabishania vina. Yupo anayetaka kuishika kanuni, ile ala ya nyuzi nyingi ya taarabu, na kuona nyuzi zimefungwaje. Vyuo vipo, na si vya waimbaji peke yao: TaSUBa, taasisi ya sanaa na utamaduni pale Bagamoyo, na kule Unguja Chuo cha Muziki cha Nchi za Jahazi kinachofundisha kanuni, udi na fidla tangu 2002. Tamasha la Sauti za Busara, lililoanza 2004, haliwezi kusimama bila watu wa taa, nyaya, tiketi na usafiri. Lakini mimi nitasema ninachokijua, yaani kanda.

Jambo lililonifunza kazi hii kuliko yote lilitokea kwa utepe mmoja wa rili, yaani uliozungushwa kwenye gurudumu la wazi badala ya kaseti, wimbo wa dansi wa miaka ya 1970. Nilisafisha vichwa vya mashine, vile vinavyosoma utepe, kwa pamba na spiriti, nikauhamisha, sauti ikatoka safi kabisa. Nikamwita mzee mmoja aliyepiga besi kwenye bendi ile aje asikie. Alisikiliza nusu ubeti, akaomba gitaa. Akabonyeza, akasikiliza, akabonyeza tena. Sauti ya kwenye utepe ilikuwa inaangukia katikati ya vituo viwili vya kubonyeza kwenye gitaa. Akaniambia, "Mwanangu, sisi hatukupiga hapa."

Mashine yangu ilikuwa inakimbia, kidogo tu, kiasi ambacho sikio langu halikushtuka. Nikapunguza mwendo taratibu huku mzee akigonga uzi uleule, mpaka uzi wake na wa kwenye utepe zikawa kitu kimoja. Sauti ya mwimbaji nayo ikashuka, ikanenepa. Mzee akaweka gitaa chini. "Huyo sasa ndiye yeye," akasema, akamtaja jina. Kumbe muda wote ule mzee alidhani anayeimba ni mtu mwingine, na mimi nilikuwa nimeshaandika jina la huyo mwingine kwenye faili.

Ndiyo maana nawaambia vijana wangu: tafuteni wazee kwanza, mashine baadaye. Utepe uliotunzwa pakavu unaweza kukungoja miaka kumi zaidi. Aliyepiga besi hakungoji. Nenda na daftari, muulize walikuwa wanatune vipi, nani alipiga gitaa la ridhimu, wimbo ulirekodiwa kwa ajili ya redio au santuri. Mapenzi yako kwa muziki huu yana thamani ya kazi hapo hasa: unajua maneno ya Kiswahili cha pwani, unajua nani ni mwitikiaji na nani ni mwimbaji, unamwamkia mzee inavyopasa na anafungua mdomo. Mashine haikupi hayo.

Ya kiufundi yanajifunzika. Hifadhi nakala kuu kwa WAV, faili la sauti lisilobanwa, biti 24, na kilohezi 96 ikiwezekana. MP3, iliyobanwa, iwe ya kutumiana tu. Kila utepe, sogeza kichwa cha mashine kidogo kwa bisibisi ndogo huku ukisikiliza manyanga na herufi "s" mpaka ziwe kali. Kaseti ya dakika 60 inachukua dakika 60, hakuna njia ya mkato, na kuandika taarifa zake kunachukua muda kama huo au zaidi. Mwanzoni niliahidi kaseti thelathini kwa wiki moja na nikamvunjia mteja ahadi. Nilimwomba radhi, na tangu hapo nahesabu saa kabla sijasema ndiyo.

Utepe ukilia au ukinata, simamisha. Usiulazimishe. Mimi nililazimisha mmoja. Unga wa kahawia ukabaki kwenye kichwa cha mashine, na mwanzo wa wimbo ule ukaenda nao. Tepe za namna hiyo hupashwa joto la nyuzi kama 50 kwa saa nyingi, katika chombo kinachoshika joto bila kupanda wala kushuka. Mpelekee aliyewahi kufanya. Kile kipande kilichopotea bado kinaniuma.

Pesa? Mwanzoni zinatoka kwa familia: kanda za harusi, sauti ya babu akisoma maulidi, mahubiri ya zamani. Chukueni kazi hizo kwa heshima ileile. Na mwenye kaseti si lazima awe mwenye wimbo. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999 inamlinda mtunzi, kwa hiyo usirushe kitu mtandaoni kwa sababu tu umekisafisha wewe. Tafuta familia yake, omba.

Sanduku la shangazi ninalo mimi sasa. Imebaki kaseti moja ambayo sijaiandika jina, taarabu yenye gitaa la besi na sauti mbili za kike. Nimeipeleka kwa wazee wanne. Wiki ijayo naipeleka Pangani, yuko bibi mmoja anasema anamjua anayeitikia.