Madoa ya Chunusi: Krimu Inawasha, Niache?

SWALI: Chunusi zimeniachia madoa meusi mashavuni. Daktari ameniandikia krimu ya asidi ya azelaiki ya asilimia 20, nipake asubuhi na usiku. Hii wiki ya pili uso unawasha na kuchonyota, na madoa yako vilevile. Shoga yangu anasema niichanganye na mkorogo ifanye kazi haraka. Nifanyeje?
Msomaji, Morogoro

JIBU: Usiiache, ipunguze. Wiki za mwanzo asidi hii huchonyota, hasa ikipakwa kwenye ngozi yenye majimaji. Nawa kwa sabuni isiyo kali, jikaushe kwa kugusagusa taulo bila kusugua, subiri dakika 15. Tangulia na losheni isiyo na manukato, kisha krimu: sentimita 2.5 zinatosha uso mzima. Paka usiku tu, siku moja ndiyo, moja hapana. Ikitulia, rudia dozi ya daktari. Lakini uso ukivimba au kutoa malengelenge, acha kabisa umwone.

Kuhusu madoa kutobadilika, wiki mbili ni chache mno. Dawa huzuia tairosinezi, kimeng'enya kinachotengeneza rangi ya ngozi. Rangi iliyokwisha kutengenezwa haiifuti, hiyo hutoka ngozi inapojibadilisha. Hesabu wiki 8 hadi 12. Doa la kahawia huwahi kufifia. La kijivu limezama ndani, hilo huchelewa sana.

Kinachoharibu kazi mara nyingi ni dodoki, limau na kutumbua chunusi. Ngozi nyeusi ikiumia huacha doa jipya papo hapo ulipokuwa unatibu la zamani. Jua nalo: kila asubuhi paka kinga ya jua ya SPF 30 au zaidi, kiasi cha vidole viwili kwa uso na shingo, urudie kila saa mbili ukiwa nje. Yenye rangi ya ngozi ni bora, kwa kuwa oksidi ya chuma iliyomo huzuia pia mwanga wa kawaida.

Mkorogo hapana. Mara nyingi humo mna klobetasoli inayokondesha ngozi, haidrokwinoni ambayo ikitumika muda mrefu huweza kuleta weusi wa kibuluu usiotoka, au zebaki inayoumiza figo. Shoga wako anakutakia mema, ila hapo amekosea.

SWALI: Nina mimba ya miezi minne. Krimu hiyohiyo naruhusiwa?

JIBU: Kwa kawaida ndiyo, maana kinachopenya ngozi ni kidogo. Mjulishe tu mhudumu wa kliniki. Za kuepuka ni tretinoini (dawa nyingine ya kupaka ya chunusi) na haidrokwinoni.