Kabla Hujamwaga Chupa za Seli

Mwaka wangu wa kwanza katika maabara ya seli hapa Kisumu, nilimwaga chupa 11 za haibridoma, seli za kutengenezea kingamwili, kwenye ndoo ya klorini. Nilikuwa nimepima rivasi transkriptesi, kile kimeng'enya ambacho retrovirusi hukitumia kugeuza RNA kuwa DNA. Kontroli ya maji, yaani kipimo kisicho na seli, ilikuwa safi, sampuli zote zikatoa jibu la ndiyo. Nikaona virusi vimeingia, na kwa kuwa ilikuwa Ijumaa jioni, sikumwuliza mtu.

Jumatatu mkubwa wangu akarudi kutoka kwao Siaya, akaitazama karatasi, akaniuliza swali moja tu: "Hizi seli ni za mnyama gani?"

"Za panya, mzee."

Akaguna, akaenda kutafuta chai.

Wewe uliyeanza kazi juzi, hilo ndilo swali la kwanza. Haibridoma, tangu Köhler na Milstein waiunde mwaka 1975, ni seli B ya panya (ile ya damu inayotengeneza kingamwili) iliyounganishwa na seli ya mayeloma (aina ya saratani ya damu), ambayo nayo ni ya panya. Jenomu ya panya imejaa mabaki ya retrovirusi waliowaingia mababu zake zamani sana. Ni kama asilimia 10 ya jenomu nzima. Sisi binadamu tunayo pia, kama asilimia 8, ila yetu karibu yote yamelala. Ya panya mengine bado yanaamka na kutengeneza chembe za virusi. Kwa hiyo kipimo changu hakikukosea. Kilisoma kitu ambacho seli ilizaliwa nacho.

Seli za CHO ni vivyo hivyo. Zilitokana na ovari ya hamsta wa China, kazi ya Theodore Puck kule Marekani mwaka 1957, na leo ndizo zinazotengeneza dawa kama trastuzumabu ya saratani ya matiti. Ukizitazama kwa darubini ya elektroni utakuta vijiduara vya nanomita 100 hivi, vingine vimekwama ndani ya seli, vingine vinachipuka ukingoni kama tone linalotaka kudondoka. Vinafanana na virusi kabisa, lakini vile vya CHO havijaonekana kuambukiza seli nyingine. Hata hivyo watengenezaji wa dawa huvihesabu, kisha huonyesha kwamba asidi, safu za kusafishia na kichujio cha nanomita 20 vinaweza kuondoa vingi kuliko vilivyokuwepo, kwa mbali sana.

Usichukue ya CHO ukayabandika kwa mayeloma ya panya. Baadhi ya hizo hutoa virusi vinavyoambukiza kweli. Kimeng'enya hakiwezi kukutofautishia. Chukua majimaji zilimokulia seli, uyaweke juu ya seli nyingine zinazopokea virusi hivyo, uzihamishe chupa hadi chupa mara kadhaa, ndipo upime tena. Ni kazi ya wiki kadhaa, na inachosha.

Kuna kisa cha XMRV, retrovirusi ya panya, ambacho mimi humsimulia kila anayeniambia "ah, ni vya panya tu." Virusi hivyo viliripotiwa mwaka 2006 kwenye saratani ya tezi dume, mwaka 2009 vikahusishwa na uchovu sugu, watu wakaanza kuogopa damu ya kuongezewa. Mwishowe ikabainika kwamba vilizaliwa maabara: uvimbe wa binadamu ulikuzwa ndani ya panya, vipande viwili vya retrovirusi vya panya hao vikaungana, kikatoka kirusi kizima. Makala ya 2009 iliondolewa mwaka 2011.

Nilichopaswa kufanya Ijumaa ile ni kuyeyusha kichupa kimoja cha benki ya mwanzo, yaani akiba ya seli zilezile zilizogandishwa mwanzoni, na kukipima sambamba na zile chupa. Jibu likilingana, seli ziko kama zilivyokuwa. Likipanda ghafla, hapo ita watu.

Siku hizi kila kichupa ninachoshusha kwenye naitrojeni kina jina la mnyama, namba ya uhamisho (seli zimehamishwa chupa mara ngapi), na kipimo cha kimeng'enya cha siku kilipogandishwa. Kalamu iwe ile isiyofutika kwa spiriti.