Kabla hujaandika sini ya vita, mpe jina anayekufa

Juzi msomaji mmoja kaniandikia, anataka muvi yake ya vita iwe ya kweli, anaulizia silaha na milipuko. Ndugu yangu, swali lako limenitonesha kidonda.

Mimi nilishaandika skripti kama hiyo, kurasa 40 za risasi tupu, nikampelekea mjomba wangu aliyepigana vitani nikijua atanisifia. Akasoma mpaka ukurasa wa 9, akaweka kidole kwenye mstari. "Mwanangu, huyu anayekufa hapa anaitwa nani?" Nikamjibu hana jina mjomba, ni askari wa tatu tu. Akazikunja zile karatasi, akanirudishia. "Wetu walikuwa na majina." Basi, hakuongeza neno, na mpaka leo inaniuma. Huyu mtu miaka yote hii bado analala viatu viko kando ya kichwa chake, kamba zimelegezwa tayari, na mimi mambo hayo nilikuwa nayaona kila siku ila sikuwahi kuyaandika!

Nikarudi kuangalia muvi upya. Saving Private Ryan ya 1998, pale ufukweni Normandy, Ufaransa, kuna askari anatafuta mkono wake uliokatika, anauokota, anaendelea kutembea nao. Hiyo muvi ilivyotoka, idara ya maveterani, yaani askari wa zamani, Marekani ilifungua laini ya simu kwa ajili ya wazee walioguswa nayo, watu wa zaidi ya miaka 70, Vita ya Pili ya Dunia imeisha 1945 lakini kwao haijaisha. Halafu tazama Come and See ya 1985, muvi ya Kisovieti ya vita hiyo hiyo, angalia uso wa yule kijana anayeingia vitani, mwanzo na mwisho, ni mtoto anazeeka mbele yako na bunduki yake karibu muvi nzima haijafyatua kitu.

Kwa hiyo wewe unayetaka kuandika kama mimi, acha kuhesabu maiti. Mpe jina. Mpe mtu anayemsubiri nyumbani. Ukishampa jina utaona hata mkono wako unasita kumuua, na ukisita ndo unaandika vizuri. Tusiwauze waliokufa kwa kelele za mabomu jamani, hawa walikuwa watoto wa watu, waandishi tuna deni kwao.

Yule askari wangu wa tatu sasa ana jina na ana dada yake. Skripti mpya iko mezani kwa mjomba wiki ya pili sasa, hajaigusa, na mimi simuulizi.