Mparachichi unanyauka na udongo umelowa? Fukua mizizi kwanza

Mkuu, umesema mparachichi wako wa miaka 3 hapo Makambako umelegeza majani ilhali udongo umelowa, na jirani anakushauri uongeze maji na urea. Naomba usiongeze chochote kabla hujaiona mizizi. Mimi hapa Uyole nilishauriwa vivyo hivyo, nikamwaga maji kila jioni, mti ukafa huku nautazama. Hadi leo unaniuma.

Mti wenye kiu ukiunywesha jioni, asubuhi unakuta umechangamka. Ukiukuta bado umelegea na chini ni tope, ujue maji yapo ila mizizi imeshindwa kuyavuta.

Fukua usawa wa ncha za matawi, si kwenye shina. Tumia mikono, maana vimizizi vya kulishia mparachichi viko juujuu, sentimita 15 tu unavikuta. Vikiwa vizima ni vyeupe, vinakatika kwa kulia, ka! Kwangu vilikuwa vyeusi. Nilipokibana kimoja kikapukutika vidoleni kama njiti iliyoungua. Huo ni uozo wa fitoftora, kimelea ambacho mbegu zake huogelea kwenye maji ya udongoni, na mti wangu ulikuwa pale pale yanapodondokea maji ya paa.

Wa pili niliuwahi. Nilichimba mtaro wa kugeuza maji, nikatandaza majani makavu bila kugusa shina, nikapunguza matawi ili mizizi michache iliyobaki isielemewe. Masika yalipoisha ukachipua. Jembe ulilofukulia lioshe kabla ya kugusa mti mwingine, na shimo la mti uliokufa usirudishie mparachichi.

Ukiusukuma mti ukayumba, na mzizi umekatwa kwa alama za meno, huyo ni fuko. Tafuta mtego, dawa ya ukungu haitakusaidia. Kwenye mizizi ya mawaridi ya mama nilikuta vinundu, kazi ya minyoo fundo, vijinyoo vya udongoni vinavyovimbisha mizizi. Usivichanganye na vinundu vya kawaida vya mizizi ya maharage, visivyo ugonjwa: vya maharage ukivisugua vinabanduka, na ukipasua kilicho hai ndani ni chekundu. Vya minyoo ni mzizi wenyewe uliovimba, havibanduki.

Fukua kesho asubuhi, piga picha ya mizizi ikiwa bado mibichi, uiweke hapa. Tueleze pia kama mti uko bondeni au kwenye mteremko.