Mkoko, bamvua na kipimo: maswali yenu wiki hii

Mradi umetuletea miche ya mikoko tuipande kwenye tope la mbele kabisa. Wazee wanasema haitashika. Tumfuate nani?

Angalieni kwanza ni mti gani, na unapandwa wapi. Mkoko wenyewe, ule wa mizizi iliyojipinda kama miguu ya buibui, hupendwa na miradi kwa sababu mbegu yake ndefu huokotwa kirahisi na kuchomekwa tu topeni. Lakini pale mbele panapopigwa na mawimbi, kwa kawaida ni pa mlilana na mchu, aina nyingine za mikoko. Ufilipino walipanda mkoko katika ukanda huo kwa miaka mingi, na miche mingi sana ikafa.

Hapa wazee na wanasayansi wanasema jambo moja kwa lugha mbili. Mikoko hufa ikikaa ndani ya maji muda mrefu mno, ndiyo maana karibu misitu yote huota juu ya usawa wa wastani wa bahari. Waombeni wazee wawaonyeshe msitu wa zamani uliishia wapi, mpige vigingi pale maji yanapofika wakati wa bamvua, yanapojaa sana, na yanapofika wakati wa maji mafu, yanapojaa kidogo, kisha mtaalamu apime kimo cha tope. Huenda mkakuta shida si miche bali tuta lililoziba mkondo. Likitobolewa na maji yakapita, mbegu zaweza kuletwa na bahari yenyewe. Na kama tope hilo halikuwahi kuwa na msitu, liacheni. Lina kaa na ndege wake.

Dalili alizonifundisha babu hazitimii tena. Elimu yake imepitwa na wakati?

Itenganishe. Bamvua hufuata mwezi mwandamo na mwezi mpevu, na hilo halibadiliki. Kinachobadilika ni maji kufika wapi: kati ya 1901 na 2018 bahari ilipanda wastani wa sentimita 20 duniani. Siku za babu bado ni sahihi, alama yake ukutani ndiyo imezama. Dalili za upepo na misimu ndizo zinazoyumba zaidi.

Wainuiti, watu wa asili wa Nunatsiavut, Kanada, walipoona barafu ya bahari haiaminiki kama zamani, hawakuitupa elimu yao. Katika mpango wa SmartICE wenyeji huchagua njia za kupimwa, kwa kuwa wanajua barafu hudanganya wapi, na kifaa huwapa unene wake.

Tujenge ukuta?

Wakati mwingine hapana budi. Ila wimbi likigonga ukuta hurudi na mchanga wa chini yake, na jirani asiye na ukuta ndiye huliwa ufuo.

Mwalimu wetu anasema hadithi za kale si ushahidi.

Mwambie kuhusu Simeulue, kisiwa cha Indonesia. Tsunami ya 1907 iliwaachia neno *smong* na wimbo: ardhi ikitikisika sana na bahari ikirudi nyuma, kimbilia mlimani. Tarehe 26 Desemba 2004, kati ya watu wapatao 78,000, walikufa 7. Tsunami haitokani na tabianchi, najua. Lakini onyo linaloeleweka na mtoto bila umeme wala simu linafaa kwa dhoruba pia, na mitambo ya tahadhari ingeiga ufupi wake.

Watafiti waliwarekodi wazee wetu, wakaondoka. Hatujaona hata karatasi.

Malalamiko haya ndiyo hunifikia zaidi, na yananiudhi. Azimio la Umoja wa Mataifa kuhusu Haki za Watu wa Asili la 2007, kifungu cha 31, linatambua haki ya watu hao kudhibiti maarifa yao ya jadi. Safari ijayo, kabla kinasa sauti hakijawashwa, andikeni: rekodi zitakaa wapi, nakala ipi inabaki kwenu, matokeo yatasomwa kwenu kwa lugha gani. Na mazalia ya samaki yapi hayachorwi kwenye ramani yoyote, maana ramani ikishatoka humjui atakayeishika.