Muundo: barua kwa mwanangu

Wete, Pemba

Mwanangu mpenzi,

Assalaam aleikum. Sisi huku ni wazima, alhamdulillahi, na mama yako anakusalimu sana. Umeniuliza kwa nini neno muundo unalikuta katika kemia, katika isimu na katika somo la majengo, na kama walimu wako wote wanazungumzia kitu kimoja.

Neno hili linatokana na kuunda, na kwetu watu wa pwani kinachoundwa kabla ya kingine chochote ni chombo cha baharini. Nilipokuwa mdogo nilimkuta babu yako ufukweni, mkuku, ule mti mkuu wa chini, umeshalazwa, mataruma, yaani mbavu za chombo, yamesimama na mbao bado hazijapanda, nikamwuliza jahazi liko wapi. Alilishika taruma moja akalisukuma kwa nguvu zake zote. Lile taruma halikuondoka mahali pake, lakini kiunzi kizima kililia tangu mbele hadi nyuma. Akaniambia, "Umelisikia?" Tangu siku ile naelewa kwamba umbo ni kile kinachoonwa na jicho, na muundo ni namna vipande vinavyoshikana hata kimoja kikiguswa vyote vikajibu.

Kinachoshikanisha vipande hivyo ndicho kinachobadilika kutoka fani hadi fani. Katika jengo ni uzito. Vyumba vya nyumba kongwe za Mji Mkongwe ni vyembamba na virefu kwa sababu dari zililazwa juu ya boriti za mikoko, na urefu wa boriti ndio uliokata upana wa chumba, mwenye nyumba awe tajiri kiasi gani.

Katika kemia, chukua karafuu yetu. Sehemu kubwa ya mafuta yanayokenekwa kutokana na makonyo, vile vikonyo vya karafuu, ni eugenoli, ambayo molekuli yake ina atomu 10 za kaboni, 12 za hidrojeni na 2 za oksijeni. Ipo dutu nyingine, isoeugenoli, yenye atomu zilezile kwa idadi ileile, ila bondi maradufu moja, yaani kiungo cha jozi kinachoshikanisha atomu mbili, imesogea hatua moja katika mkia wa kaboni. Wakemia wa karne ya 19 waliweza kuikata molekuli hiyo pale bondi iliposogea, wakapata vanilini, ile harufu ya vanila. Hakikuongezwa kipande wala hakikupunguzwa katika kuisogeza bondi ile, na mimi jambo hili hunistaajabisha kila ninapopita penye makonyo yaliyoanikwa.

Lugha nayo ndivyo ilivyo. Katika "nilimpenda", *ni* ni mtendaji. Katika "alinipenda", *ni* ileile imepita upande wa pili wa *li* na imekuwa mtendwa. Hapa hakuna uzito wala bondi, kuna mapatano ya wasemaji tu, lakini ukikosea mahali pa silabi moja umemgeuza mpendaji kuwa mpendwa. Shairi la mizani 16, yaani silabi 16 kwa kila mstari, nalo lina mapatano yake, ila hilo unalijua tangu skuli.

Kwa hiyo mwalimu akitaja muundo, mwulize vipande ni vipi na nini kinavishikanisha. Muundo wa jamii nimeuacha kwa makusudi, maana vipande vyake ni watu, na watu hubadilika wakiwa ndani yake. Huo tutauzungumza ukija likizo. Shangazi yako anasafiri kwa boti, nimempa chupa ya mafuta ya makonyo akuletee.

Baba yako